Hatuli kwa Mwenye Shida

Jumamosi, 2 Machi

Mkutano wa chama ulikuwa kwangu leo. Viti havikutosha, Muigai akatoa hata kile chake cha kusikilizia redio, kisha akaenda kukaa kwa jirani kama mtu aliyefukuzwa. Mume wangu anaweza kuvumilia mambo mengi hapa Makongeni, Thika, lakini si chumba kizima cha wanawake wakicheka.

Tumepata nyumba ya kutembelea. Habari imeletwa na Akoth, na Akoth kuongea mkutanoni ni jambo la kuandikwa, maana tangu ajiunge nasi kazi yake ni kuitikia kwa kichwa. Kuna mama aliyefanya naye kibarua katika kiwanda cha nguo, jina lake Nafuna, mtu wa Bungoma. Mumewe Barasa alikuwa fundi wa mawe. Alianguka kutoka kwenye jengo mwezi wa Januari, akafa, akamwacha na msichana mdogo anayeitwa Mitchell, na mimba iliyokomaa. Mtoto amezaliwa sasa. Wanaishi Ruiru, chumba kimoja cha mabati karibu na mto.

Wanja, mwenyekiti wetu, amesema tutaenda tarehe kumi na sita, sote, na vitenge vya zambarau. Angekuwa na uwezo, Wanja angeamuru hata mvua inyeshe zambarau.

Mimi nikawakumbusha sheria yetu: hatuli kwa mwenye shida. Tunabeba chakula chetu, tunakula pamoja na wenyeji, tunaosha vyombo, tunaondoka. Waanzilishi wa chama hiki cha Tuteithanie, yaani tusaidiane, waliiweka baada ya kwenda kumfariji mjane mmoja kule Gatundu na kummalizia viazi vyote alivyokuwa navyo. Ni sheria nzuri. Kila mkutano mimi ndiye huikumbusha, na anayekunja uso nampa macho.

Jumatano, 13 Machi

Nimechambua maharagwe meusi ya njahi hadi macho yakauma. Mawingu yapo, mvua hakuna.

Jumamosi, 16 Machi

Tumeenda Ruiru na tumerudi, miguu imevimba.

Chumba ni kidogo. Wengine tulikaa kitandani, wengine mlangoni, waliobaki wakasimama nje ambako majirani wote walikuwa wametoka kututazama. Nafuna ni mwanamke mrefu, mwembamba, wa maneno machache. Alikuwa amefagia hadi nje ya ploti yao ya vyumba vya kupanga, amevaa rinda la kanisani, na nywele za Mitchell zimesukwa zikasukika. Mtoto ni mzuri lakini kifua chake kinapiga filimbi. Nilipogusa godoro upande wa ukutani vidole vilitoka na maji, na mvua bado haijaanza.

Tulimpa blanketi, beseni, unga, sabuni na nguo za mtoto. Tukaimba. Wanja akaomba, na Wanja akianza kuomba hata Mungu hutafuta kiti. Picha zikapigwa. Kisha Nafuna akasimama, akasema tuketi vizuri atuletee kitu. Wanja akamshika mabega kwa upole, akamrudisha kitandani, akamwambia mzazi hapiki, sisi tumekuja na kila kitu. Nami nikaongeza kwamba wageni wa chama hiki hawana gharama. Watu wakacheka. Tukafungua hotpoti, tukapakua njahi na mukimo, tukala tukashiba, tukaosha vyombo vyetu. Nafuna alishika sahani yake muda wote. Sikumwona akila.

Pembeni kulikuwa na sufuria kubwa imefunikwa kwa sahani, na nje beseni la manyoya ya kuku. Nilifikiri jirani ana sherehe.

Naandika hapa ili nisije nikajifanya nimesahau: yule mtoto hawezi kukaa pale mvua ikianza. Chumba cha Chege huko nyuma kiko tupu tangu kijana wetu aende Nakuru kikazi. Nimemwambia Muigai. Amesema baiskeli yake imo ndani. Nimemwambia baiskeli haina kifua.

Alhamisi, 21 Machi

Nimempigia Nafuna simu kumwambia chumba kipo, aje hata kesho. Amesema asante, wao wako sawa tu. Simu ikakatika. Au alikata.

Jumapili, 24 Machi

Mvua imeanza. Imetukuta tukitoka kanisani na viatu vizuri.

Jumatano, 27 Machi

Akoth amekuja jioni akitoka zamu, amebeba mzigo kichwani. Nilidhani ni nguo za kuuza. Alipoutua nikaona blanketi letu, beseni letu, unga haujafunguliwa, sabuni, hata zile soksi ndogo nilizofuma mwenyewe. Amesema Nafuna amesema zirudishwe.

Nilimuuliza kwa nini. Akatazama viatu vyake. Nikamuuliza tena, akasema hajui aseme vipi. Nikamwambia mdomo ni wake, akipata la kusema anajua ninapoishi. Akaenda zake na mvua, na sikumpa hata mwavuli.

Nimempigia Wanja. Amesema huyo ni maskini jeuri, na leo nimekubaliana na Wanja, jambo ambalo hutokea mara chache kuliko kupatwa kwa jua. Soksi zile nilikesha nazo. Nimeumia, na sioni aibu kusema.

Jumatatu, 1 Aprili

Pasaka imepita ndani ya maji. Muigai ameweka sufuria mahali paa linapovuja, anakaa kuisikiliza badala ya redio.

Jumamosi, 6 Aprili

Mkutano kwa Wanja. Walio wengi wanataka tumwache Nafuna tuende kwa mwingine, na sababu zao hazikuwa mbaya: msimu huu wenye shida ni wengi na wanaopokea kwa mikono miwili hawakosekani. Mimi pia nilikuwa nimeenda nikiwa na maneno kama hayo mdomoni. Lakini usiku wote nilikuwa nimelala nikisikia mvua juu ya mabati na kile kifua kidogo kinachopiga filimbi. Nikasimama nikasema aliyerudisha blanketi ni mama, si mtoto. Na mimi mtoto yule nimemshika.

Wamenipa hadi mwisho wa mwezi. Akoth aliitikia kwa kichwa.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeenda Ruiru peke yangu. Mlango umefungwa kwa ndani. Nikabisha, nikajitaja, ndani kukawa kimya, kisha mtoto akakohoa. Nikabisha tena. Sauti ya Mitchell ikaja kupitia tundu la kitasa.

"Mama amesema hayuko."

Ningecheka siku nyingine. Nilisimama pale na mwavuli uliovunjika mbavu, majirani wakinitazama kwa njia ambayo sikuielewa, kama watu wanaojua hadithi ambayo mimi nimeikuta katikati. Nyuma ya vyumba mto unasikika sasa. Mwezi uliopita haukusikika.

Ijumaa, 12 Aprili

Mto wetu Chania umejaa tope. Watu wanaenda kule hotelini kupiga picha maporomoko. Mimi ile sauti siipendi mwaka huu.

Jumanne, 16 Aprili

Nimeenda tena. Safari hii hata Mitchell hakujibu. Lakini kulikuwa na moshi ukitoka chini ya mlango.

Sitaacha. Muigai anasema nimekuwa kama kupe. Kupe hushiba, nimemwambia, halafu huanguka mwenyewe. Mimi bado.

Alhamisi, 18 Aprili

Akoth alikuja leo bila mzigo. Nilikuwa nje nikikinga maji ya paa kwenye pipa. Akasimama mvuani hadi nikamvuta ndani, nikamwekea chai, akaishika bila kunywa.

"Mama Chege, siku ile alikuwa amepika," alisema.

"Nani?"

"Mama Mitchell. Alikuwa na jogoo mmoja. Barasa alimnunua Krismasi, wakasema watamla mtoto akizaliwa. Alimchinja asubuhi juu yenu. Ile sufuria."

Nilijua ni sufuria gani. Nilikumbuka na yale manyoya.

"Mbona hakusema?"

"Alisema. Alisimama akasema mketi. Nyinyi mkafungua hotpoti."

Nilitaka kumweleza kuhusu sheria, kana kwamba haijui. Akaendelea, na sijawahi kumsikia Akoth akiongea mfululizo namna ile. Alisema kwao, na kwa kina Nafuna pia, mgeni akikataa chakula chako amekwambia wewe ni mchafu, au mbaya zaidi, mchawi. Na huyu ni mjane, mume amekufa juzi, bado watu wanaulizana alianguka vipi. Ploti nzima iliona wanawake wengi wa kanisani wakiingia kwake na chakula chao, wakila chao, wakiosha hata vyombo vyao, na kuku wake amefunikwa pale. Tangu siku ile kuna jirani amewakataza watoto wake kuingia kwa Nafuna.

Nilikasirika, na kwa kuwa sikuwa na mwingine karibu nilimkasirikia yeye. Nikamwambia alikuwa amekaa pale pale kitandani, alijua yote, akanyamaza.

"Nilijua," alisema Akoth. "Lakini wewe ndio ulinisomea sheria siku ya kwanza nikiingia chama. Ulinishika mkono ukasema, Akoth, hapa hatuli kwa mwenye shida. Nikaogopa."

Nilimwongezea chai ambayo hakuwa amekunywa, ikamwagika kwenye sahani. Nimeona aibu leo kama sijawahi kuona tangu niolewe. Tulienda kumfariji mtu na tukamwacha na jina baya.

Ametoka na mwavuli wangu, ule mzima.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeita mkutano wa ghafla nikawaambia yote. Wengine walishika mashavu. Nikaomba tufute sheria.

Wanja amekataa. Hakukataa kwa ubaya. Alikumbusha Gatundu, na kumbe mjane yule wa viazi alikuwa shangazi yake. Watoto wa shangazi walilala njaa wiki hiyo, na Wanja alikuwa akiishi nao pale, msichana tu, akiangalia wageni wakila. Miaka yote hii sikujua. Nilikuwa nikimwona mtu wa picha na vitenge, na ile sheria ninayotembea nayo kama fimbo imetoka tumboni mwake.

Tumeachana bila kukubaliana. Sheria imebaki. Nimewaambia basi nitakwenda si kama mwanachama, nitakwenda kama Wakonyo binti ya mama yangu.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimeenda na Akoth. Ndani ya ploti tulipita juu ya mawe, maji yakifika kwenye kifundo cha mguu. Watu wengine wameshahama. Akoth akabisha, akaita, na kwa Akoth mlango ukafunguka. Mimi nilikuwa nyuma yake na mwili wangu si mdogo, lakini niliingia kabla haujafungwa.

Nafuna alisimama katikati ya chumba na mtoto mgongoni. Amekonda. Godoro lilikuwa limepandishwa juu ya matofali. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kuhusu chumba, kuhusu mto, kuhusu kifua cha mtoto. Sikusema hata moja. Nilikaa kitandani bila kukaribishwa.

"Mama Mitchell," nikasema, "nimetoka Thika asubuhi bila kutia kitu mdomoni. Nina njaa."

Alinitazama muda mrefu.

"Sina kitu," akasema.

"Watakachokula watoto ndicho nitakula."

"Ni mrenda tu. Imeota huko nyuma na hii mvua."

Sasa, mimi na mrenda hatujawahi kujuana. Hata bamia naikimbia. Chakula kinachoteleza mimi hukiona kama kina akili yake. Lakini nilisema sawa, mrenda ni mzuri, nipikie.

Akapika. Akoth alichukua mtoto, Mitchell akawa anapuliza makaa, na mimi nikatazama mikono ya Nafuna ikisonga ugali ule mgumu wa kwao unaokatwa kwa kisu. Alipika taratibu, kama mtu anayengoja nibadilishe nia niondoke. Akanawisha mikono yangu kwa maji ya moto. Akaweka sahani mbele yangu, akakaa kunitazama.

Tonge la kwanza lilishuka kabla sijaamua. Uzi wa mrenda ukanifuata hadi kidevuni, nikawa sijui nifanye nini nao. Mitchell akaja karibu akanionyesha kwa kidole jinsi ya kuukata, kwa huruma kabisa, kama mtoto anayemfundisha mwingine kufunga kamba za viatu. Akoth aliinamisha uso kwenye leso ya mtoto, mabega yakitetemeka. Nikala. Nikamaliza. Nikaomba tena. Na sitadanganya kwenye daftari langu mwenyewe, hata sahani ya pili haikuwa tamu, lakini niliila yote nikaifuta kwa tonge la mwisho.

Ndipo Nafuna akachukua sahani yake akaanza kula.

"Siku ile mlisikia harufu?" akauliza.

Nikamwambia nilisikia, na sufuria niliiona. Akasema alidhani tumeambiwa kitu juu yake. Nikamweleza sheria, nikamweleza viazi vya Gatundu, nikamwambia mimi ndiye mwenye kelele kuliko wote kuhusu sheria hiyo. Nikamwomba msamaha bila kuzunguka. Nikamuuliza jogoo alienda wapi.

"Niliwapa watoto wa ploti. Wengine mama zao waliwaita kabla hawajala." Alimega tonge jingine. "Mimi sikuweza kumeza."

Nililia. Yeye hakulia. Aliniongezea maji ya kunywa.

Tulipomaliza nikasema kuhusu chumba cha Chege, mara moja tu. Akatazama maji nje ya mlango, akatazama sahani yangu.

"Sasa umekula kwangu," akasema. "Naweza kukaa kwako."

Jumatano, 24 Aprili

Tumehamisha. Mvua haikupumzika hata dakika. Nilikuwa nimepanga na mwenye mkokoteni wa kutufikisha stendi, akayaona maji akageuza. Tulikuwa tumesimama barabarani, mimi, Akoth, Nafuna na vyombo, pikapu ya duka la Wanja ikatokea. Wanja mwenyewe alishuka, amevaa gambuti na koti kuukuu la mumewe, hakuna zambarau hata kidogo. Hakusema neno kuhusu mkutano. Alibeba godoro lililolowa mgongoni, akaingia majini na kutoka, akaingia na kutoka, hadi chumba kikabaki kuta. Hakuna picha iliyopigwa, na hii ndiyo siku niliyotamani ipigwe.

Baiskeli ya Muigai iko nje, imefunikwa gunia. Ameifunika mwenyewe.

Ijumaa, 26 Aprili

Akoth amepita Ruiru. Mto uliingia ploti jana asubuhi. Kwenye chumba cha Nafuna maji yamefika kwenye dirisha.

Nimekaa. Sikufanya kazi nyingine leo.

Jumanne, 30 Aprili

Shule zimeahirishwa kufunguliwa kwa sababu ya mvua. Mitchell anashinda na Muigai wakisikiliza redio, na mahindi yangu ya kuchoma yanaisha. Mtoto amepelekwa kliniki, amepewa dawa. Filimbi imepungua. Soksi amevaa.

Jumamosi, 11 Mei

Chama kimekula kwa Nafuna. Si wote, wawili wamejitoa, wanasema tumeanza kuvunja misingi, na siwezi kuwalaumu sana kwa kushika maneno niliyowafundisha mimi. Wanja alikuja na hotpoti kwa mazoea, akaikumbuka mlangoni, akairudisha kwenye pikapu. Nafuna alipika kuku. Firigisi aliiweka kwenye sahani ya peke yake, sote tukamtazama mwenyekiti, lakini Nafuna akampitia Wanja, akanipitia mimi, akampelekea Muigai, kwa kuwa kwao hiyo ni ya mwenye boma. Muigai hajawahi kuheshimiwa hivyo katika nyumba yake. Tangu hapo anatembea kifua mbele, havumiliki.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua inakatika. Leo tumetembelea watu waliohamishiwa kwenye madarasa ya shule moja Ruiru. Nafuna alikuja nasi, na kitenge cha zambarau ambacho Wanja amemshonea, kifupi kidogo kwa urefu wake.

Tulimkuta mama mzee, Wamboi, amepewa pembe moja ya darasa na mumewe Erastus ambaye hatoki kitandani. Tulimpa tulivyobeba. Alitushukuru, kisha akainuka kwa shida, akachemsha maji kwenye jiko lake dogo la makaa, akaweka majani. Maziwa hakuna. Kikombe kilikuwa kimoja, cha bati. Akakijaza akasimama nacho, akitutazama, akiwa hajui ampe nani kati ya watu wengi hivyo.

Wote wakanigeukia mimi, maana sheria hatujawahi kuifuta rasmi. Nikafungua mdomo. Nafuna akanitangulia.

"Mama, tumetembea sana," akasema. "Tuko na kiu."

Akanywa kidogo, akampa Akoth. Akoth akanipa mimi. Ilikuwa chai kali, ya moto, na sukari nyingi mno, nafikiri aliweka yote. Kilipofika kwa Wanja alikitazama muda, nami nikajua anawaona watoto wa shangazi yake. Kisha akavuta mkeka, akaketi chini miguuni pa yule mama, akakipokea kwa mikono miwili, akanywa.